Namna ya Kuchagua Kiolesura cha Kufuatilia Programu Inayofanya Kazi Chinichini

Programu inayofanya kazi chinichini ni ile inayoanzishwa na seva yenyewe inapowaka, isiyo na dirisha wala mtu aliyeketi mbele yake, na inayotarajiwa kuendelea kwa wiki au miezi bila kuguswa. Programu za namna hii ndizo zinazopokea taarifa za malipo ya simu, zinazonakili hifadhidata usiku, na zinazotuma meseji za kuwakumbusha wanachama wa SACCOS tarehe ya rejesho. Zinapokwama hazipigi kelele, na mara nyingi mtu wa kwanza kugundua ni mteja. Mwongozo huu unaeleza namna ya kuchagua kiolesura cha kuzifuatilia, yaani njia ambayo kwayo programu itamweleza binadamu, au mashine nyingine, kama kazi inakwenda au imesimama.

Ili maelezo yasielee hewani, nitatumia mfano mmoja tangu mwanzo hadi mwisho. Tuchukue seva ya Linux inayosimamiwa na systemd, yaani sehemu ya mfumo inayowasha na kusimamia huduma, yenye programu ndogo inayochukua meseji kutoka kwenye hifadhidata na kuzikabidhi kwa Kannel, lango la meseji la programu huria, ambalo nalo limeunganishwa na kituo cha meseji cha kampuni ya simu. Hapo kuna viungo vitatu, na kila kimoja kinaweza kufa huku vingine viwili vikionekana vizima. Msimamo wangu nauweka wazi mapema kwa sababu hatua zote zinautegemea: kiolesura kipimwe kwa uwezo wake wa kuonyesha kazi iliyokamilika. Programu kuwa hai ni habari ndogo sana.

Hatua ya kwanza: Andika maswali kabla ya kutazama vyombo

Wengi huanzia kwenye chombo. Mtu ameona ukurasa wenye grafu za kupendeza katika ofisi nyingine, akaanza kuusimika kwake kabla hajajua anataka kuambiwa nini. Anza na karatasi. Orodhesha maswali yatakayoulizwa kuhusu programu hiyo, kisha mbele ya kila swali andika nani ataliuliza, wakati gani, na akiwa na kifaa gani mkononi.

Katika mfano wetu, fundi atauliza kama programu ipo na imekula kumbukumbu kiasi gani. Msimamizi wa huduma atauliza meseji ya mwisho kupokelewa na kampuni ya simu ilitoka lini, na ngapi zinasubiri. Karani wa dawati la wateja, ambaye hana ruhusa ya kuingia kwenye seva, ana swali moja tu: mwanachama aliyesimama mbele yake anasema hajapata meseji, je, tatizo liko kwetu au kwenye simu yake? Watu hawa watatu hawawezi kuhudumiwa na kiolesura kimoja, na jaribio la kuwatengenezea kimoja huishia kwenye ukurasa uliojaa namba ambazo kila mmoja wao anazipita bila kuzisoma. Kadhalika, mtu aliyeamshwa saa nane usiku, mwenye simu na mtandao dhaifu, hawezi kungoja ukurasa upakue megabaiti kadhaa ndipo aone neno moja analolihitaji.

Miongoni mwa maswali hayo, lipo moja ninaloliweka mbele ya yote: meseji ya zamani zaidi ambayo bado haijatoka ina umri gani? Wengi hupendelea kupima muda uliopita tangu kazi ya mwisho iliyofaulu, na kipimo hicho kina manufaa yake, lakini usiku ambapo hakuna meseji ya kutuma muda huo hurefuka bila kosa lolote, na tahadhari hupigwa bure mpaka watu wanaacha kuzijali. Idadi ya meseji kwenye foleni nayo hupotosha, kwa sababu meseji elfu tano zilizoingizwa dakika moja iliyopita siku ya mwisho wa mwezi ni jambo la kawaida, ilhali meseji tatu zilizokaa saa nne ni hitilafu. Umri wa ile ya zamani zaidi husema kweli katika hali zote mbili, na foleni ikiwa tupu unakuwa sifuri.

Kipimo hiki kina faida nyingine ambayo haionekani haraka. Kwa kuwa foleni imo kwenye hifadhidata, unaweza kuiuliza hifadhidata yenyewe kwa sentensi moja ya SQL inayotafuta saa ya kuingizwa ya meseji kongwe isiyotumwa, bila kuihusisha programu kabisa. Programu iliyoganda haiwezi kukudanganya kwa njia hiyo. Kwa hiyo kabla ya kuamua kuandika hata mstari mmoja wa msimbo wa ufuatiliaji, jiulize kama jibu tayari lipo nje ya programu, mahali ambapo matokeo ya kazi yake yanaonekana.

Hatua ya pili: Tumia kwanza kile ambacho mfumo endeshi unakupa

Amri ya systemctl status itakuonyesha kama huduma inaendeshwa, tangu lini, kumbukumbu inayotumia, na mistari michache ya mwisho ya logi, yaani orodha ya matukio ambayo programu huyaandika. Amri ya journalctl -u ikifuatiwa na jina la huduma itakupa logi yote, na ukiongeza -f utaiona ikiandikwa papo hapo. Kwa programu ndogo yenye mtumiaji mmoja ambaye ndiye fundi mwenyewe, hivi vinatosha, na sioni sababu ya kuongeza kingine.

Logi ina nguvu zake na mipaka yake. Inajibu vizuri sana swali la nini kilitokea, na vibaya swali la hali ikoje sasa, kwa sababu ili kujua hali ya sasa inabidi usome mistari mingi na kujumlisha kichwani. Vilevile logi iliyonyamaza haisomeki: huenda hakuna kazi, huenda programu imeganda, na kwa macho hali hizi mbili hazina tofauti. Kama utategemea logi, andika kila tukio katika mstari mmoja wenye majina na thamani zake, mathalani tukio=imetumwa id=88213 muda_ms=412, ili vyombo vya kuchambua maandishi kama grep na awk viweze kuusoma bila kubahatisha. Angalia pia nafasi ya diski: journald, sehemu ya systemd inayotunza logi, kwa kawaida hujiwekea kikomo cha asilimia 10 ya mfumo wa faili, isizidi GB 4, na unaweza kuipunguza kwa kuweka SystemMaxUse. Mafaili ya logi ambayo Kannel inayaandika yenyewe hayamo katika kikomo hicho. Ukiyaacha kwenye kiwango cha 0, ambacho huandika kila kitu, yatakua haraka sana kwenye seva yenye kazi nyingi.

Tena, usiandike namba ya simu ya mteja wala maneno ya meseji kwenye logi ya kawaida. Logi husomwa na watu wengi, hunakiliwa ovyo, na hutumwa kwa mafundi wa nje wanapoombwa msaada. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Hata pasingekuwa na sheria, mwanachama aliyekopa hastahili deni lake lisomwe na kila mwenye nenosiri la seva. Kitambulisho cha meseji kinatosha kumtafuta kwenye hifadhidata pale inapobidi.

Hatua ya tatu: Jaribu faili la hali

Hiki ndicho kiolesura ninachokipendekeza kwanza kwa programu nyingi, na ndicho kinachodharauliwa kuliko vyote. Kila baada ya sekunde chache, programu inaandika faili dogo la maandishi lenye hali yake, kwa mfano:

imeandikwa=2025-03-04T23:10:05Z
ya_mwisho_kufaulu=2025-03-04T23:09:58Z
foleni=42
umri_wa_kongwe_sekunde=31
zilizofeli_tangu_kuanza=7
kannel=imeunganishwa

Mtu yeyote anaweza kulisoma kwa amri ya cat, skripti yoyote inaweza kulichambua, haliongezi poti iliyo wazi kwa mtandao, na likisomwa na watu kumi kwa pamoja programu haisumbuki. Liweke chini ya /run, ambayo hukaa kwenye kumbukumbu na hivyo diski haiandikwi kila mara. Systemd itakutengenezea saraka yake ukiandika RuntimeDirectory kwenye faili la huduma, na itaiondoa huduma inaposimama. Kutokuwepo kwa faili basi kunakuwa na maana.

Mambo matatu yazingatiwe. La kwanza, usiandike juu ya faili lile lile, kwa kuwa msomaji anaweza kulikuta limeandikwa nusu. Andika faili la muda katika saraka hiyo hiyo, kisha ulibadilishe jina kuwa lile la kudumu. Ndani ya mfumo mmoja wa faili, Linux hubadilisha jina kwa tendo moja lisilogawanyika, kwa hiyo msomaji atapata faili la zamani zima au jipya zima.

La pili ni saa. Seva nyingi huandika muda wa UTC, nasi Afrika Mashariki tuko saa tatu mbele. Karani anayesoma 23:10 atadhani ni jana usiku, wakati kwake tayari ni saa nane na dakika kumi za usiku wa leo, tarehe nyingine kabisa. Ndani ya faili acha UTC yenye herufi Z mwishoni, lakini mahali popote panaposomwa na binadamu onyesha umri, kwa mfano "sekunde 7 zilizopita", kwani umri hauhitaji hesabu wala haubishaniwi.

La tatu ndilo zito, na ningeomba lisomwe mara mbili. Ni rahisi sana kuandika uzi wa pembeni (thread), yaani mkondo wa kazi unaokwenda sambamba na mingine ndani ya programu, ambao kazi yake pekee ni kuandika faili la hali kila sekunde tano. Uzi huo utaendelea kuandika kwa uaminifu hata baada ya uzi unaotuma meseji kuganda ukisubiri jibu lisilokuja kutoka kwa kituo cha meseji. Faili litakuwa jipya daima, na kazi itakuwa imekufa. Muda wa imeandikwa lazima utoke kwenye mzunguko ule ule unaofanya kazi, yaani programu ichukue meseji, iitume, iandike matokeo, ndipo iandike hali. Mzunguko ukisimama, faili nalo linachakaa, na kuchakaa huko ndiko kunakokwambia ukweli. Kama ni lazima uwe na uzi wa pembeni, basi usome saa iliyoandikwa na mzunguko wa kazi na kuionyesha jinsi ilivyo, wala usiweke saa yake wenyewe.

Ishara za mfumo

Kabla ya kupanda ngazi nyingine, neno fupi kuhusu ishara, yaani vijumbe vifupi ambavyo programu hupelekewa kupitia mfumo endeshi. Programu ya kunakili data iitwayo dd kwenye Linux ikipelekewa SIGUSR1 huchapisha imefika wapi, na wapo wanaoiga mtindo huo. Unafaa kwa mtu mmoja aliyeketi kwenye terminali. Kwa ufuatiliaji wa kudumu haufai, kwa sababu ishara haina njia ya kurudisha jibu kwa aliyeituma, na programu ambayo haikuandaliwa kuipokea SIGUSR1 huuawa nayo. Ukikosea namba ya mchakato, umeiua huduma ya mtu mwingine. SIGHUP iache kwa matumizi yake yaliyozoeleka ya kusoma upya usanidi au kufungua upya mafaili ya logi, kama Kannel inavyofanya.

Hatua ya nne: Panda hadi soketi pale tu unapohitaji kuuliza

Faili la hali hujibu maswali uliyoyaandaa mapema. Ukihitaji kuuliza jambo ambalo hujui utaliuliza lini, kama orodha ya meseji zilizorudishwa kwa kosa fulani, hapo soketi ya Unix inastahili, yaani mlango wa mawasiliano ndani ya mashine moja unaoonekana kama faili. HAProxy, programu ya kugawa maombi kati ya seva, hutumia njia hii: unaipelekea soketi yake neno "show info" kupitia chombo kiitwacho socat, nayo inakujibu kwa maandishi. Redis, hifadhidata inayokaa kwenye kumbukumbu, nayo ina amri ya INFO inayorudisha mistari ya jina na thamani ambayo mtu na mashine wanaisoma sawasawa, na huo ni mfano mzuri wa kuufuata unapobuni majibu ya programu yako.

Uzuri wa soketi ya Unix ni kwamba ulinzi wake ni ule ule wa mafaili: mpe ruhusa ya 0660 na kikundi maalumu, basi asiye kwenye kikundi hagusi. Aliye mbali huingia kwanza kwa SSH, njia salama ya kuingia kwenye seva kutoka mbali, na kwa hiyo huhitaji kubuni mfumo mwingine wa nenosiri. Njia ya faili la soketi iwe fupi, kwa kuwa Linux inaiwekea kikomo cha baiti 108.

Hapa ndipo kishawishi kinapoingia. Soketi ikishajibu maswali, mtu ataomba ipokee na amri: simamisha, endelea, futa foleni. Ikiwa ni lazima, tengeneza soketi ya pili yenye kikundi cha pili. Kutazama na kutawala ni ruhusa mbili tofauti, na anayepewa ya kwanza asipate ya pili kwa bahati.

Hatua ya tano: HTTP, ikiwa msomaji yuko kwenye mashine nyingine

Kannel inatupa mfano ulio tayari. Ina kiolesura cha HTTP kwenye poti ya usimamizi, ambayo katika mifano mingi ya usanidi ni 13000, na ukurasa wake wa hali hutolewa kwa sura kadhaa: status.html kwa kivinjari, status.txt kwa terminali, na status.xml kwa skripti. Ukifungua status.txt utaona muda ambao lango limekuwa likiendeshwa, meseji zilizopokelewa na kutumwa, zinazosubiri, kisha kila muunganisho wa kituo cha meseji ukiwa na hali yake, idadi ya zilizofeli na zilizo kwenye foleni. Mstari wa muunganisho ukionyesha kwamba unajaribu kuunganishwa tena, huku juu kabisa pameandikwa kwamba Kannel inaendeshwa, hapo ndipo unapoelewa kwa nini sikutosheka na neno "hai".

Muundo huu una mafunzo mawili. Kwanza, habari moja imetolewa kwa sura tatu kutoka chanzo kimoja, kwa hiyo fundi na skripti hawawezi kupingana. Pili, kuna manenosiri mawili: status-password inayoruhusu kutazama tu, na admin-password inayoruhusu kusimamisha muunganisho au kuzima lango zima. Weka yote mawili. Usipoweka status-password, ukurasa wa hali hufunguka kwa yeyote anayeifikia poti hiyo, na ukimpa karani admin-password ili atazame foleni, umempa pia uwezo wa kuzima huduma.

Nenosiri hilo huandikwa ndani ya anwani ya ukurasa, na hivyo hubaki kwenye historia ya kivinjari na kwenye logi za proksi iliyo katikati. Kwa sababu hiyo usiifungue poti hii kwa intaneti. Ifunge kwa admin-deny-ip na admin-allow-ip pamoja na ngome ya seva, kisha ufike kwake kwa handaki la SSH:

ssh -L 13000:127.0.0.1:13000 fundi@seva

Baada ya hapo kivinjari cha kompyuta yako kikielekezwa kwenye poti 13000 ya mashine yako mwenyewe kitaona ukurasa wa Kannel. Ukiandika HTTP yako katika programu yako, ifuate nidhamu hiyo hiyo: isikilize 127.0.0.1 peke yake, ijibu maombi ya kusoma tu, na ijibu haraka hata hifadhidata ikiwa imelala, kwa sababu ukurasa wa hali unaongoja hifadhidata utanyamaza wakati ule ule unapohitajika.

Inafaa pia kutenganisha anwani mbili. Moja ijibu kama programu ipo na mzunguko wake unazunguka. Nyingine ijibu kama iko tayari kufanya kazi, yaani hifadhidata na Kannel zinafikika. Anayeamua kuwasha upya programu asome ya kwanza pekee. Kuwasha upya programu kwa sababu kampuni ya simu imekata muunganisho hakuurudishi muunganisho huo, na kunaongeza vurugu mahali ambapo subira ingetosha.

Hatua ya sita: Vipimo vinavyokusanywa kwa muda

Violesura vyote vya juu vinaeleza sasa. Ukitaka kujua kama foleni ya leo ni ndefu kuliko ya Jumatatu iliyopita, unahitaji kitu kinachokusanya namba na kuzihifadhi. Prometheus, iliyoanza mwaka 2012 ndani ya kampuni ya SoundCloud na kuwa ya umma baadaye, ndiyo ninayoiona ikitumika zaidi. Yenyewe huifuata programu kila baada ya muda na kusoma ukurasa wa maandishi wenye vipimo, na ikishindwa kuufikia huandika pia kushindwa huko, kwa kuweka kipimo cha up kuwa 0.

Habari njema kwa aliyefuata hatua ya tatu ni kwamba hahitaji kuandika HTTP kabisa. Node exporter, ambayo husimikwa kwenye seva ili kutoa vipimo vya mashine kupitia poti 9100, inaweza kusoma mafaili yenye kiambishi .prom kutoka saraka utakayoitaja na kuyachanganya na vipimo vyake. Programu yetu inaandika faili la pili la namna hiyo, kwa mtindo ule ule wa kubadilisha jina, na kazi imekwisha. Kwa kuwa faili la zamani huendelea kusomwa kana kwamba ni jipya, weka tahadhari kwenye kipimo cha node_textfile_mtime_seconds, ambacho hueleza faili lilibadilishwa lini.

Onyo moja la uzito: usiweke namba ya simu wala kitambulisho cha meseji kama lebo ya kipimo. Kila thamani mpya ya lebo huzaa mfululizo mpya wa data, na wateja elfu hamsini watazaa mifululizo elfu hamsini ambayo itaila kumbukumbu ya seva yako ya ufuatiliaji. Lebo ziwe chache na zinazojulikana: jina la mtandao wa simu, aina ya kosa, basi.

Kama ofisi yako ina kitengo cha mtandao kinachofuatilia ruta na swichi zote kwa SNMP, itifaki ya kusimamia vifaa vya mtandao, kupitia poti 161, na wao ndio watakaopokea tahadhari zako, inaweza kuwa busara kuwafuata katika njia yao. Nje ya hapo, sioni sababu ya kuanza na SNMP kwa programu mpya.

Hatua ya saba: Ukurasa wa binadamu

Sasa, na si kabla ya hapo, fikiria dashibodi. Ijengwe juu ya moja ya violesura vilivyotangulia, isiwe sehemu ya programu yenyewe. Nimeona programu zinazochora skrini yake ndani ya terminali, ambazo fundi akifunga terminali zinakufa nayo kwa SIGHUP, ishara inayotumwa terminali inapofungwa, na kila mtu anaambiwa asiguse dirisha lile. Programu iendeshwe na systemd. Mtazamaji aje na aondoke apendavyo.

Kwa karani, tengeneza ukurasa wenye mambo machache sana: sentensi moja ya hali, umri wa meseji kongwe, na saa ambayo ukurasa ulisasishwa. Sentensi iandikwe kwa lugha anayoizungumza na wateja, kwa mfano "Meseji zinatoka kama kawaida" au "Meseji za mtandao mmoja zimechelewa tangu dakika 40 zilizopita, mafundi wanashughulikia". Usitegemee rangi pekee, kwani wapo wasiotofautisha nyekundu na kijani, neno liandikwe. Ukurasa wa maandishi matupu wa kilobaiti chache unafunguka kwa bando dogo na mtandao hafifu, na mtu huyo hahitaji zaidi. Fundi apewe Grafana yenye grafu zake. Huyo anajua anachokitafuta.

Hatua ya nane: Amua nani ataamshwa, na kwa njia gani

Hakuna anayekesha akitazama dashibodi. Lazima kitu kimwamshe mtu. Kosa ambalo mfumo wa meseji hualika kwa urahisi ni kutuma tahadhari zake kwa meseji kupitia Kannel ile ile inayofuatiliwa. Kannel ikikwama, tahadhari nayo inakaa kwenye foleni, na wote watazipata pamoja huduma ikisharudi. Tahadhari ipite njia nyingine kabisa, iwe barua pepe, programu ya mazungumzo ya intaneti, au modemu ndogo yenye laini ya mtandao mwingine iliyochomekwa kwenye mashine nyingine.

Kuna ngazi mbili za kushughulikia kimya. Ngazi ya ndani ni mlinzi wa systemd. Kwenye faili la huduma unaandika hivi:

Type=notify
WatchdogSec=60
Restart=on-failure

Programu inatuma READY=1 ikishaanza, kisha WATCHDOG=1 kila baada ya sekunde 30 hivi, yaani nusu ya muda uliowekwa, na ikikosa kufanya hivyo systemd inaiua na kuianzisha upya. Inaweza pia kutuma STATUS= ikifuatiwa na sentensi yoyote, na sentensi hiyo itaonekana kwenye systemctl status. Kanuni ya hatua ya tatu inarudi hapa kwa ukali zaidi: WATCHDOG=1 itoke kwenye mzunguko wa kazi, na kila ombi linalokwenda nje liwe na kikomo cha muda kilicho kifupi kuliko sekunde 60, ili kungoja jibu la nje kusidhaniwe ni kuganda.

Ngazi ya nje ni kwa ajili ya siku ambayo seva nzima imezimika, umeme umekatika au kebo imekatwa. Hapo hakuna kilicho ndani ya seva kinachoweza kusema chochote. Weka mashine nyingine, mahali pengine, kwenye umeme na mtandao mwingine, ambayo seva yako inaipigia kila dakika tano kwa ombi dogo la HTTP. Isipopigiwa mara mbili mfululizo, yenyewe ndiyo inayopiga tahadhari. Ombi hilo litumwe tu baada ya kuthibitisha kwamba umri wa meseji kongwe uko ndani ya kikomo. Kwa njia hii seva iliyozimika na foleni iliyoganda vyote vinaleta kimya, na kimya kinamfikia mtu.

Kwa huduma zisizoweza kuvumilia kuchelewa, ongeza meseji ya majaribio kila saa kwenda kwenye laini yako mwenyewe, ipokewe na modemu na kuhesabiwa. Inagharimu bei ya meseji moja kwa saa, lakini ni kipimo pekee kinachovuka viungo vyote vitatu hadi kwenye simu.

Hatua ya tisa: Haribu kwa makusudi kabla hakijaharibika chenyewe

Kiolesura ambacho hakijawahi kuonyesha hitilafu hakijathibitishwa. Kwenye seva ya majaribio, ipelekee programu ishara ya STOP:

kill -STOP namba_ya_mchakato

Programu itaganda papo hapo, huku systemctl status ikiendelea kusema active (running). Tazama saa, kisha ungoje uone dakika ngapi zinapita kabla ya mtu kuarifiwa, na kwa njia ipi. Ikiwa umeshawasha mlinzi wa systemd, mzime kwanza kwa jaribio hili, ili uone kama ngazi ya nje inaweza kugundua peke yake. Kisha irudishe programu kwa kill -CONT. Baada ya hapo simamisha hifadhidata. Kisha zuia kwa ngome ya seva njia ya kwenda kituo cha meseji, uone kama ukurasa wa karani unasema kweli au bado unasema meseji zinatoka. Kisha jaza diski, kwani diski iliyojaa huzuia mambo mengi yasiyotarajiwa, pamoja na kuandika logi ambayo ungeitegemea kujua kilichotokea. Mwisho chomoa kebo ya mtandao.

Kwa kila jaribio andika kilichoonekana, kilionekana na nani, na baada ya muda gani. Jaribio lililopita bila mtu kuarifiwa linakuonyesha kiolesura kinachokosekana, na mara nyingi kitakuwa kitu kidogo, kama kikomo cha tahadhari kilichowekwa juu mno au uzi wa pembeni unaoandika saa isiyo yake. Rekebisha, rudia jaribio hilo hilo, kisha chapisha karatasi moja yenye anwani ya ukurasa wa hali, mahali lilipo faili la hali, amri ya handaki la SSH na jina la mwenye zamu, uibandike mahali ambapo karani na fundi wote wanaiona.